Mkwe Juu ya Jabali

Jumapili, 4 Julai 1954. Njombe.

Baridi kali. Baada ya ibada Mwalimu Nahumu, kiongozi wa kwaya yetu, katangaza matembezi ya Jumamosi. Tuchague wenyewe: tushukie maporomoko ya Ruhuji, hapa hapa Njombe, au tupande lori hadi Makambako tukakwee lile jabali lenye kilele cha mawe matupu. Kura Jumatano.

Karibu wote wanataka maporomoko. Hatari! Njiani kuna kijito cha kuvuka, na kila mwaka Efraimu hujitolea kuwavusha wasichana mgongoni. Efraimu ni besi wetu, mabega kama mlango wa kanisa. Mwaka jana alimvusha Hulda mara mbili. Mara ya pili eti kuna kitabu cha nyimbo kilisahaulika ng'ambo.

Hulda nitamwoa mimi. Nimeshaamua tangu Pasaka. Yeye bado hajui vizuri.

Kwenye jabali hakuna maji. Basi ni jabali.

Jumatatu, 5 Julai

Kazini, kwenye mizani ya magome ya miwati, yale ya kulainishia ngozi, nimefanya kampeni. Wanawake wa sauti ya kwanza nimewaambia mvuke wa maporomoko mwezi wa saba huharibu koo. Nimewapa mfano wa mwimbaji wa Lupembe ambaye mpaka leo anakwaruza kama chura. Mtu huyo hayupo. Wanaume nimewaambia Makambako nyama ya mbuzi ni bei ya kutupa.

Efraimu kaniuliza mbele ya watu kama nimewahi kupanda jabali lile. Nikasema mara tatu. Sijawahi. Hata ngazi ya ghala napanda nimefumba macho.

Jumatano, 7 Julai

Tumepiga kura kwa mbegu: harage kwa maporomoko, punje ya hindi kwa jabali. Kofia ya Mwalimu Nahumu ndiyo sanduku. Maharage kumi na moja, mahindi kumi na tisa. Waimbaji tuko ishirini na sita. Mwalimu kahesabu tena, kakuna kichwa, kasema labda wengine walipewa punje zilizoshikana. Nimekubaliana naye kwa sauti kubwa.

Ushindi! Lakini mtu mwenye akili hategemei jabali peke yake. Kesho namtuma Mjomba Enoki kwa kina Hulda na jembe jipya la posa. Likipokelewa, Efraimu hatathubutu kumsogelea mchumba wa mtu.

Alhamisi, 8 Julai

Limepokelewa! Mjomba anasema Bibi Priska, mama yake Hulda, aliligonga kwa kidole, likalia vizuri, akaliingiza ndani. Hulda mwenyewe kasema atafikiri, atajibu Jumatatu. Hakukataa. Kutokukataa ni kukubali, ila polepole.

Ijumaa, 9 Julai. Makambako.

Balaa! Wazazi wamesema wasichana hawapandi lori bila mtu mzima wa kuwaangalia. Aliyechaguliwa: Bibi Priska.

Mjomba Enoki alikuja mbio mpaka kwenye mizani. Kanikumbusha kwamba tangu jembe lilipovuka mlango ule, yule ni mama mkwe wangu. Mbena mwenye malezi hakutani na mama mkwe uso kwa uso. Akimwona njiani, anaingia porini. Naye mama anajifunika. Kusemeshana ndiyo kabisa. Nikauliza, je, lori moja? Akauliza kama nina wazimu.

Nikasema nitabaki nyumbani. Kisha nikamkumbuka Efraimu. Nikapata wazo: nitatangulia! Dionis, dereva wa Uwemba, alikuwa anapeleka viazi Makambako, nikakaa juu ya magunia. Naandika haya nyumbani kwa binamu yangu. Kesho nitakuwa kileleni kabla yao, na Hulda atanikuta nimesimama pale na tai yangu shingoni. Mama mkwe ni mtu mzima, atabaki chini kulinda vikapu.

Jumamosi, 10 Julai

Msomaji wa shajara hii ni mimi tu, basi niseme ukweli.

Nimefika kileleni saa tatu, sehemu kubwa kwa magoti. Kilele chenyewe hakizidi uwanja wa kuanikia mahindi. Njia ni moja. Saa nne nikasikia nyimbo zinapanda, nikachungulia. Wa kwanza mbele, fimbo mkononi: Bibi Priska! Mwanamke aliyelima kwenye miteremko tangu utoto, mimi nikampangia kulinda vikapu.

Pa kukimbilia hapakuwepo. Nikajishusha upande wa pili, kwenye ukingo mwembamba, nikachuchumaa uso kwenye mwamba. Saa mbili nzima! Wameimba. Wamekula. Harufu ya kuku ilinifikia, kuku hakunifikia. Hulda aliuliza Anania, yaani mimi, yuko wapi. Rafiki yake Jeni akasema pengine kaogopa. Efraimu akacheka kwa sauti ya besi.

Wakati wa kushuka, njia ilizunguka ikapita chini yangu. Bibi Priska alifika penye utelezi, akasita. Hapo nikapata wazo jingine. Mkwe atakayemwongoza mama mkwe mpaka salama bila hata kumtazama, nani atamkataa? Nikapiga kelele kutoka juu: Mama, mguu wa kushoto!

Mama akaitambua sauti. Akafanya anachofanya mwanamke mwenye adabu akimsikia mkwe: akajifunika kitenge kichwa kizima. Katikati ya jabali! Hakuona tena mguu wowote, wa kushoto wala wa kulia. Aliteleza kwa makalio hatua kama kumi, akazuiwa na kichaka, kifundo kimeteguka. Walimsihi ajifunue. Akakataa, mkwe yuko juu.

Mimi nisingeweza kumgusa hata angekuwa anaungua. Efraimu si mkwe wa mtu. Kamweka mgongoni, kamteremsha mpaka kwenye lori. Hulda alifuata nyuma ameshika fimbo ya mama yake, anamtazama Efraimu. Nilikuwa nimefumba macho, lakini niliona.

Jumatatu, 12 Julai. Njombe.

Jembe limerudi. Bibi Priska haoni ubaya katika kujificha kwangu. Hayo anasema ni malezi. Ubaya ni kwamba nilimsemesha. Faini kondoo mmoja.

Hulda naye kajibu, kwa kinywa cha Jeni. Amefikiri, na jibu ni hapana. Mwoga angemvumilia, anasema, hata mwongo, lakini si mtu anayetoa amri kutoka mafichoni.

Nimelia nyuma ya ghala. Nampenda kweli. Hilo sikuwahi kumwambia, nilikuwa na shughuli nyingi.

Jumapili, 18 Julai

Posa ya Efraimu imepokelewa tangu Ijumaa. Siku mbili sikula. Leo nimeamka na akili mpya.

Efraimu sasa ni mkwe wa Bibi Priska! Kwa hiyo popote Bibi Priska atakapokuwa, Efraimu atakuwa porini. Mimi niko huru, naweza hata kumsalimu mama yule Kamwene asubuhi na mapema na akaniitikia. Nimemwendea Mwalimu Nahumu, nikamwambia kwaya inanung'unika, ilinyimwa maporomoko yake. Kakubali: tunakwenda Jumamosi. Bibi Priska kapata nafuu, ndiye mwangalizi tena. Kijitoni mvushaji nitakuwa mimi peke yangu.

Isitoshe, Hulda ana mdogo wake, Ema, wa sauti ya pili, ambaye leo kanicheka kwa upole. Ili mtu asiniwahi, nimempa Mjomba Enoki jembe nikamtuma nyumba ile ile. Kaligeuza jembe mikononi, kauliza kama nimefikiri vizuri. Nikamwambia aache maswali, ahakikishe linapokelewa kabla ya Jumamosi.