Jemadari Hatazami kwa Karibu

Jumanne, 16 Juni

Kikao cha kamati. Nimerudi na hasira, nimekunywa chai, bado nina hasira.

Lorna Vickery ni mwenyekiti wa klabu ya mchezo wa kuviringisha matufe, ambako sisi wa mchezo wa vita vya anga huazimwa ukumbi kila Jumapili alasiri. Ametangaza kwamba ukumbi usipojaa wiki hii tutakapocheza na timu ya mji wa Devonport, tufungashe kompyuta zetu tuondoke. Nafasi yetu watapewa wacheza dansi za kauboi. Watu wazima, wakazi wa mji wetu huu wa Burnie, ambao hawajamgusa ng'ombe ila kwenye sahani, ndio wapewe ukumbi wangu.

Na kosa eti ni langu. Kwa desturi yetu, picha ya kompyuta ya nahodha huonyeshwa ukutani kwa projekta. Kila mchezaji ana skrini yake, lakini watazamaji huona tu kile kinachoonwa na kamera ya nahodha. Nahodha ni mimi. Nami kamera huiweka mbali kabisa, galaksi nzima ienee ukutani, meli zikiwa nukta za kijani na nyekundu. Lorna amesema ukuta wangu una tetekuwanga. Amesema mumewe hulala kabla ya kombora la kwanza.

Nikasimama kujibu. Nikasema nukta ndizo vita. Nikasema majemadari wote niliosoma habari zao walipanda kilimani. Hakuna aliyeshinda kwa kutambaa majanini akitazama viatu vya adui. Mtu mmoja nyuma akapiga makofi. Baadaye nikagundua alikuwa anapasha mikono moto. Hita ya ukumbi imekufa.

Kisha akasimama Dougal, mdogo wa mke wangu. Dougal akishika kamera huivuta karibu mpaka uhesabu misumari ya meli. Mwezi Januari alikuwa anaufurahia mlipuko mmoja mzuri, sayari yetu ikatekwa nyuma ya mgongo wake. Huyo ndiye anayeutaka unahodha. Akaniambia mbele za watu, "Shemeji, pumzika. Macho yako yamechoka kutafuta nukta." Wakacheka, hata Merv, mchezaji wa timu yangu mwenyewe.

Kura ni Jumamosi.

Jumatano, 17 Juni

Mkakati wa kwanza: elimu kwa umma. Nimewapitia wachezaji nyumbani kwao na pai za kome wa bizari, nikawaeleza kwa utulivu kwa nini Dougal si jemadari bali mpiga picha wa harusi.

Merv Quilty, anayeongoza kikosi chetu cha kushoto, amemaliza pai mbili mimi bado niko kwenye vita vya Waajemi. Akauliza kama Dougal naye atapita. Nikamuuliza kwa nini anataka kujua. Akasema ili ajue kama abakize nafasi tumboni.

Demokrasia ina wenyewe.

Ijumaa, 19 Juni

Mkakati wa pili. Neno hujuma silitumii. Hujuma ni ya mtu asiye na hoja.

Nimeingia ukumbini mchana kwa kisingizio cha kukagua hita. Katika mipangilio ya kompyuta ya nahodha pana sehemu ya kugeuza gurudumu la kipanya. Kwa kawaida ukilisukuma mbele kamera inakaribia, ukilivuta nyuma inakwenda mbali. Nimeligeuza. Dougal akishinda kura, kila atakapotaka kukaribia atajikuta yuko juu, kwenye hewa safi, anaiona galaksi nzima kama binadamu mwenye akili zake. Atashukuru akizeeka.

Lorna akanikuta nainuka kwenye kiti. Akauliza hita inaendeleaje. Nikamwambia tatizo ni la kimuundo.

Jumamosi, 20 Juni

Kura zikafungana. Amebaki mke wangu Noelene, aliyechelewa kwa sababu ya kumwogesha mbwa. Noelene ndiye anayeendesha meli zetu za mizigo, zile zinazopeleka maji kutoka sayari hadi sayari. Moja anaipenda kuliko zote. Ameipa jina la huyo mbwa, Pikelet.

Dougal akamwomba dada yake aseme kweli mbele ya watu: mumewe akishika kamera, ameshawahi kuiona Pikelet ukutani? Noelene akasema hata siku moja. Kisha akanipigia kura mimi.

Dougal akashika kichwa. Noelene akamwambia kwamba yeye Dougal akishindwa ataenda zake nyumbani alale, lakini nikishindwa mimi, atakayesikiliza hotuba mpaka Krismasi ni nani?

Ushindi wa hoja.

Jumapili, 21 Juni

Niandike ilivyokuwa.

Nilifika mapema kulirudisha gurudumu lilivyokuwa. Nikabonyeza palepale nilipobonyeza Ijumaa. Sikujaribu. Mtu anayeijua kazi yake hajaribu.

Ukumbi ukajaa. Soseji na vitunguu vikikaangwa mlangoni, kila mtu na kipande chake cha mkate. Wacheza dansi walikuja na kofia zao, wanapimapima sakafu kwa visigino kama watu waliokwisha kuhamia.

Mimi huanza hivi: nabonyeza mara mbili meli yetu yoyote, kamera inaing'ang'ania, kisha navuta gurudumu nyuma mpaka galaksi yote ionekane. Iliyokuwa karibu ni Pikelet. Nikabonyeza. Nikavuta nyuma. Kamera ikakaribia. Nikajua sijavuta vya kutosha. Nikavuta zaidi. Ukuta wote ukawa meli moja ya maji, kubwa kama basi, kutu mkiani, kitaa kidogo kinapepesa ubavuni.

Lorna akauliza vita viko wapi. Nikamwambia vinakuja.

Dougal akaniinamia sikioni: "Shemeji, sukuma mbele. Mbele, shemeji." Nimevuta nyuma tangu nilipoujua mchezo huu. Sikuona kwa nini nibadili msimamo kwa kelele za upinzani. Nikavuta.

Devonport wakaja kweli. Anga nyuma ya Pikelet ikawaka. Ni wangapi, wanatokea wapi, sikujua. Nahodha nilikuwa kipofu mbele ya halaiki. Meli yenyewe inakwenda polepole, tumbo limejaa maji. Kombora likapita karibu na kile kitaa, kikazima, kikawaka tena. Mume wa Lorna, ambaye hakuwa amelala, akasema kwa sauti, "Mwacheni mtoto wa watu apite." Kauboi mmoja akavua kofia. Baada ya hapo ukumbi mzima ukawa unaielekeza: kata kushoto, mama, kushoto, usitazame nyuma.

Nikamtazama Noelene. Ameegemea skrini yake, midomo ameibana. Sikujua kwamba meli hii humfanya awe na uso ule. Kutoka mbali haionekani.

Dougal akakimbilia kiti chake. Mara, ukingoni mwa ukuta, zikaingia manowari zake, zile alizokuwa anazitunza kwa ajili ya kuuteka mji mkuu wa Devonport. Zikajipanga katikati ya Pikelet na moto, zikalipuka moja baada ya nyingine. Nikamsikia Merv akinung'unika kwamba huu ni ujinga mtupu. Kisha akaleta na zake.

Pikelet ikatia nanga.

Viti vikaanguka. Kauboi wakakanyaga sakafu mpaka soseji zikaruka kwenye sahani. Lorna akamkumbatia nahodha wa Devonport, kijana mpole, ambaye alikuwa anajaribu kumweleza kwamba wameshazichukua sayari zetu zote, tena kitambo. Hakuna aliyekuwa amewaona.

Jumatatu, 22 Juni

Lorna amepiga simu asubuhi. Ukumbi ni wetu mpaka mwisho wa mwaka. Wacheza dansi wameomba viti vya mbele.

Dougal amekuja kula nyama ya mwanakondoo iliyobaki jana. Akasema Jumamosi asubuhi alikwenda kufanya mazoezi, akakuta gurudumu limegeuzwa, akalirudisha. Mkono wa nani alijua, akanyamaza, maana familia ni familia. "Sasa jana, shemeji, ukaligeuza tena?" Nikamwambia mambo ya kiufundi hayazungumzwi mezani. Noelene akacheka mpaka akajifuta machozi kwa sikio la mbwa. Nikampa Dougal kipande cha paja. Kwa manowari zile, alistahili.

Wanataka tushike kamera kwa zamu, mara karibu, mara mbali. Nimelitafakari kwa haki. Jumapili ilikuwa ajali, na ajali si hoja. Ukumbi ulijaa kwa sababu umma umeiva, na aliyeuivisha kwa nukta ni mimi. Wiki ijayo kamera inarudi mahali pake. Tena leo nimegundua kwenye mipangilio namna ya kwenda mbali zaidi, mara mbili ya mwanzo. Na gurudumu nitaligeuza kidogo, Dougal asije akajaribu.

Noelene ameuliza kama Pikelet itaonekana. Nimemhakikishia. Nukta ya kijani, chini kushoto.