Mkaguzi wa Baa Arobaini

Royce Tillotson alishuka kwenye basi mjini Milwaukee siku ya Jumatano, saa nane mchana, akiwa na sanduku dogo, suti ya kijivu iliyopigwa pasi ikakubali, na njaa ya mtu asiye na nia ya kulipia chakula. Akashika njia ya upande wa kusini, mitaa ya Wapolandi, ambako kila kona ina kanisa na kila kanisa lina baa ya kulisindikiza. Huko ndiko alikoiona riziki yake imekaa pande mbili za barabara moja.

Zilikuwa baa mbili zinazotazamana kama majogoo. Ya kushoto iliandikwa Kwa Bernadine, ya kulia Kwa Lorraine. Nje ya ile ya kushoto palikuwa na ubao ulioandikwa kwa chaki: "Bia iko huku. Ng'ambo wana maji ya kusuuzia glasi." Ubao wa kulia ulijibu: "Samaki wetu ni wa wiki hii. Wa ng'ambo waulizeni wenyewe umri wao." Royce alisimama katikati ya barabara, akasoma huku, akasoma kule, mpaka gari likampigia honi. Uzoefu ulikuwa umemfundisha kwamba mwenye ugomvi ni mteja mzuri kuliko mwenye pesa, kwa kuwa mwenye pesa hufikiri kwanza kabla ya kuzitoa.

Tusimsingizie. Royce hakuwa mwizi wa kuvunja milango. Yeye milango alifunguliwa. Alikuwa mkaguzi wa siri wa jarida liitwalo Kiu ya Msafiri, ambalo kila mwaka hutoa orodha ya baa arobaini za Amerika ambazo msafiri hapaswi kuzipita. Jarida hilo lilikuwa na kadi nzuri za kugawa, barua zenye nembo, na vibao vya shaba vya kutundika ukutani. Kitu pekee ambacho halikuwa nacho ni jarida lenyewe. Na kuhusu hiyo arobaini, mtu wa kazi yake angefanya busara kuchagua namba nyingine, lakini kwao Ohio methali hiyo hawana.

Hakuwahi kumwambia mtu kwamba yeye ni mkaguzi. Kila baa aliagiza kinywaji kimoja tu, akatoa mfukoni kipimajoto kidogo, akakitumbukiza kwenye glasi, akaandika kitu kwenye daftari la ngozi. Kisha alipapasa chini ya kiti, akauliza ni hatua ngapi kutoka mlangoni hadi chooni. Kufikia swali la tatu moyo wa mwenye baa ulikuwa unadunda, na ni yeye mwenyewe aliyeinama na kunong'ona, akiuliza kama mgeni si miongoni mwa wale watu wa orodha. Hapo Royce alisikitika sana kwa kugunduliwa. Mwisho wa masikitiko hayo ulikuwa ada ya kibao na ya mpiga picha, inayolipwa mapema, na kwaheri.

Alianza kwa Bernadine. Bernadine Pawlak alikuwa mama wa miaka sitini na kidogo, mpana, miwani yake ikining'inia kifuani kwa mnyororo. Alimwekea mgeni brandi kama inavyonywewa mtaa ule, na sukari, kipande cha chungwa na tunda moja la cheri, kisha akasimama kutazama kile kipimajoto kikizama.

"Kinaumwa?" akauliza.

"Nani?"

"Hicho kinywaji. Naona unakipima homa."

Royce alitabasamu kwa aibu ya kujifunza, na katika kutoa leso akaiacha kadi idondoke. Bernadine akaiokota, akavaa miwani, akaisoma pande zote mbili. Sauti yake ikabadilika. Akaeleza kwamba siku hizi wasafiri wanalala kwenye mahoteli ya kando ya mto na kunywa vitu vilivyochomekwa majani, na huku kusini hafiki mtu. Mstari mmoja tu kwenye orodha kama ile ungemwokoa. Royce akashusha pumzi ndefu. Alisema Milwaukee nzima imetengewa nafasi moja, na haki inamlazimu akaitazame na ile ya ng'ambo.

"Yule ni mdogo wangu, tumbo moja," Bernadine akasema. "Ukifika kule, bwana, usinywe kitu kisicho na kifuniko."

Lorraine alikuwa mwembamba, nywele zake amezipaka rangi nyekundu, na cheko halimkai mbali. Hakungoja kipimajoto. Alimwambia Royce kwamba ametoka kwa dada yake, maana ananuka huzuni. Kisha akamsimulia kisa chote bila kuombwa. Baba yao alipofariki alimwachia Bernadine baa, na yeye Lorraine akaachiwa bango. Naye akafungua baa yake papo hapo mbele ya macho ya dada yake, na huu ni mwaka wa kumi na mbili hawajasalimiana.

Bango lenyewe lilikuwa kwenye ujia wa kwenda chooni. Lilikuwa la bati, ukubwa wa mlango, limechorwa farasi akinywa bia kwenye ndoo, na juu yake jina la kiwanda kilichokwisha kufa.

"Nimelitundika hapa ili anayekwenda kujisaidia alione kwanza," Lorraine akasema. "Na dada anajua liko wapi. Hilo ndilo linalonipa usingizi."

Alhamisi Royce alirudi kwa Bernadine kumalizana habari za ada. Mama wa watu hakubisha hata neno. Alisema atalipa Jumamosi asubuhi, yote na mapema. Ila kuna jambo moja linamtia haya, akasema, akaonyesha ukuta wa nyuma ya kaunta, ambapo palibaki alama ya mstatili iliyopauka. Pale ndipo bango la baba lilipokuwa. Mpiga picha wa jarida atakuja kupiga picha ya ukuta mtupu. Mtu mmoja wa Chicago anayekusanya vitu vya kale alishamwambia kwamba bango lile halipungui dola elfu kumi na mbili.

"Mimi mtu akiniletea nampa tisa, hata awe shetani, mradi afute miguu mlangoni," akasema. "Lakini Lorraine asijue linakuja kwangu. Akijua, atalikata vipande alishe kuku, na kuku hana."

Royce alimpa pole. Jioni ile, katika chumba chake cha kupanga, hakukimaliza chakula. Amewahi kuuza vibao hewa miji mizima, lakini hii sasa ilikuwa biashara ya kweli: kununua kitu kilichopo na kumuuzia anayekitaka. Alijiona karibu kuwa mtu mwaminifu, na hali hiyo ilimpa kiungulia.

Ijumaa adhuhuri akamwendea Lorraine. Alimwambia kwamba ofisi ya jarida ingependa sana kuwa na bango lile, kwa ajili ya historia. Lorraine akakataa. Royce akamsifu farasi. Lorraine akajifunika aproni usoni, na alipoishusha mashavu yalikuwa yamelowa. Alisema ni baba yake yule, na baba hauzwi. Baadaye kidogo akasema kwamba kama baba yake angeuzwa, isingekuwa chini ya elfu sita.

Wakavutana saa nzima. Royce alikuwa stadi wa kuvutana, na kila Lorraine aliposhuka kidogo alihisi utamu mpaka kwenye magego. Waliishia elfu nne. Zilikuwa ndizo zote alizokuwa nazo, mavuno ya Toledo na Cleveland, na ilimbidi aende chooni kuzitoa, kwa sababu alizihifadhi ndani ya soksi.

Akalibeba bango kichwani. Upepo wa ziwani ulikuwa mkali na farasi alitaka kuruka, kwa hiyo Royce alivuka barabara kwa mwendo wa kaa, magari yamesimama kumpisha. Kwenye madirisha ya baa zote mbili watu walikuwa wamejipanga, glasi mikononi, wakitazama. Akadhani wanalistaajabia bango.

Bernadine alimfungulia mlango mwenyewe. Akalitazama bango kwa makini.

"Zuri," akasema. "Utalitundika wapi?"

Royce akamkumbusha mapatano yao, kwa upole, kama mtu anavyomkumbusha mgonjwa dawa. Bernadine akasema bango la namna hiyo analo. Akachukua funguo, akamshusha ngazi hadi stoo ya chini, akawasha taa. Kando ya mapipa ya bia, wameegemezwa ukutani, walikuwapo farasi kumi na mmoja, wote wakinywa.

"Yupo fundi mtaa wa pili," akaeleza. "Anatuchapia dazeni kwa dazeni, halafu tunayaweka kwenye mvua mwezi mmoja yapate uzee."

Royce aliuliza juu ya ile alama iliyopauka ukutani. Bernadine akasema huwa anaipaka rangi upya kila mwaka.

Walipopanda juu Lorraine alikuwa ameshaingia kwa mlango wa nyuma. Alimbusu dada yake shavuni na kumuuliza kama mafuta ya kukaangia samaki yamepata moto. Royce akajikuta ameketi.

Ndipo akaambiwa yote. Baba aliwaachia baa moja, na kila mmoja deni la kumvumilia mwenzake, akasema Lorraine. Walipofungua ya pili mambo yalikuwa yakisinzia. Siku moja waligombana kweli, katikati ya barabara, kuhusu sufuria, na mauzo ya siku hiyo yalizidi ya Krismasi. Walipatana jioni ile ile, ila hawakumtangazia mtu. Mtaa mzima unajua. Wageni wachache wanaofika hawajui, na kila mmoja huchagua upande wake, akanywa kwa hasira ya watu wengine.

"Na mimi mlinijuaje?" Royce akauliza.

Bernadine alitoa simu yake. Wenye baa wanaongea kuliko wanywaji, akasema. Mama mmoja wa Toledo aliyenunua kibao alituma picha kwa wenzake wiki mbili zilizopita. Ndiyo ile, Royce kwa ubavu, kipimajoto kwenye glasi, jicho limefumba kwa utaalamu.

"Umetoka vizuri," Bernadine akasema. "Pesa zenyewe usizihofie. Jumatatu zinarudi Toledo na Cleveland kwa wenyewe."

Royce alisimama. Alianza kusema kwamba kuna sheria katika nchi hii na kwamba atakwenda polisi. Lorraine akamwambia hana haja ya kujichosha, sajenti Dombrowski yuko pale dirishani anakula samaki, na akimaliza kabichi yake atamsikiliza kwa furaha. Sajenti akainua uma kumsalimu. Royce akaketi tena.

Hasira ilimjia, ikakaa kidogo, ikaondoka. Ilipoondoka aliona ndani yake kitu kilichomshangaza, kama seremala aliyekalia kiti cha fundi mwingine na kukuta hakilii hata kidogo.

"Yale machozi," akamuuliza Lorraine kwa sauti ya chini. "Vitunguu?"

"Vitunguu ni vya wanaoanza kazi," Lorraine akasema. "Mimi namkumbuka paka wangu."

Ilikuwa Ijumaa, na Ijumaa haondoki mtu pale bila kula. Wakamwekea samaki wa kukaanga, mkate mweusi, na chapati za viazi zenye rojo ya tufaha. Watu wakamzunguka pale kwenye kaunta. Kila mmoja alikuwa na lake kuhusu namna alivyovuka barabara na farasi kichwani. Mzee mmoja aliigiza mwendo wa kaa mpaka akagonga kiti. Walimfundisha kurusha dadu za kuamua nani anunue, akashinda mara mbili, na hakuna aliyemlaghai. Royce alijisikia akicheka. Alikuwa amekaa katika baa elfu moja tangu aianze kazi hii, na hakukumbuka ni lini mara ya mwisho alikaa katika baa.

Kabla jua halijazama dada wale walimkatia tiketi ya kurudi Ohio. Bango walimlazimisha aondoke nalo, wakisema wao si wezi, na alichonunua ni chake.

Kituoni aliliegemeza kwenye benchi, akakaa kando yake. Wakaja mume na mke kutoka Minnesota, wastaafu, kwa jina Arvid na June Sorlie, wenye mikoba ya safari na karatasi iliyochapwa orodha ya mahali pa kustarehe mjini. Arvid alilitazama lile bango, akauliza kama ni la kale.

Ulimi wa Royce ulinyanyuka wenyewe, kwa mazoea. Ulikwisha kufika kwenye jina la kiwanda na mwaka wa kufungwa kwake. Kisha ukachoka. Akawaambia ni la mwezi uliopita, na kwamba ameliwa na dada wawili, na akawasimulia tangu kipimajoto hadi paka. June alicheka mpaka akafuta macho. Arvid akaikunja ile karatasi yake na kuuliza baa hizo ziko wapi.

Royce akawaelekeza. Waagize samaki kwa Bernadine, wamsengenye Lorraine. Kisha wavuke, wakae dirishani kwa Lorraine, wanywe brandi na kumsengenya Bernadine. Wasinunue kitu chochote kilichochorwa farasi. Na wasiende haraka, maana pale hakuna anayemfukuza mtu.

June alimtazama kwa jicho la mwanamke aliyekwisha kutembea dunia.

"Samahani, kaka," akasema. "Wewe hao wenye baa wanakulipa uwasifie?"

"Hapana, mama," Royce akasema. "Mimi ndiye niliyewalipa."