Nadhiri Tatu za Baba Yu-wei

Jumatano, 9 Julai
Nimechoka, na mashindano ndiyo kwanza yameanza. Joto la Xinzhuang halina huruma. Nimefunga gereji mapema, pikipiki mbili zimebaki matumbo nje, nikakimbilia uwanjani kumwona binti yangu Yu-wei akiichezea Timu ya Bluu, mojawapo ya timu zetu mbili za taifa za mpira wa kikapu. Hakucheza! Alikaa benchi mchezo mzima, taulo shingoni, akiwapigia wenzake makofi. Thailand wametufunga. Nami mtaa mzima nimeutangazia kwamba yeye ndiye nguzo ya timu! Jamaa za mke wangu walikuja na bango lenye jina lake, wakalishika mpaka mikono ikafa ganzi, wakalikunja, wakaenda zao bila kuniaga.

Jirani yangu Lai, muuza supu, ana binti anayeanza kila mchezo katika ile nyingine, Timu Nyeupe. Alinivizia mlangoni kuuliza kama Yu-wei ameumia. Nikasema ndiyo, kifundo cha mguu, kidogo tu. Akasema pole sana, maana kwenye televisheni alionekana buheri wa afya.

Kesho naenda hekaluni kwa mungu wetu Mama Mazu. Makocha hawasikii la mtu.

Alhamisi, 10 Julai
Nimeweka nadhiri: Yu-wei akiingia uwanjani, sili nyama mwezi mzima. Nikarusha vibao viwili vya kuulizia. Kimoja kikalala kifudifudi, kingine chali. Amekubali! Nilitoka hekaluni nikitembea kama mwenye timu.

Robo ya tatu ya mchezo wa leo, mchezaji wetu mrefu akateguka goti. Wawili wa benchi wakakimbia kumbeba. Mmoja alikuwa Yu-wei. Akaingia, akabeba, akatoka. Bango likapanda, likashuka.

Jioni nikarudi kumuuliza Mama kama hiyo nayo inahesabiwa. Vibao vikasema ndiyo. Nikarusha tena. Ndiyo. Mke wangu Pi-hsia alikuwa amenifuata hadi pale. Akasema, “Si uliomba aingie? Kaingia. Unataka nini tena, mwanamume wewe?”

Chakula cha usiku, tofu. Lai akabisha hodi na bakuli la supu ya ng'ombe, bure, eti pole ya kifundo cha mguu. Miaka yote hajanipa hata kijiti cha meno! Pi-hsia amelimaliza lote mbele ya macho yangu.

Ijumaa, 11 Julai
Kosa lilikuwa langu, maneno yalilegea. Halafu Mama Mazu ni wa mabaharia, ya vikapu atayajulia wapi? Leo nimekwenda kwa Bwana Guan, mungu jemadari mwenye uso mwekundu, mtu wa neno moja. Nikapanga maneno vizuri: Yu-wei aushike mpira, mchezo ukiendelea. Malipo ni kuacha tambuu. Nimetafuna tambuu tangu jeshini, meno yangu ni mashahidi. Roho iliniuma kutamka.

Tukacheza na Korea. Pasi ikapotea njia, ikaruka moja kwa moja kuelekea pua ya kocha. Yu-wei akanyoosha mikono palepale alipoketi, akaudaka. Filimbi ilikuwa bado! Televisheni wakarudia mara mbili.

Nikamlalamikia Bwana Guan kwamba mtoto alikuwa nje ya mstari. Vibao vyote viwili vikalala chali, maana yake mungu anacheka. Nikarusha tena. Ndiyo, unadaiwa.

Lai naye amepita gereji kunipongeza. “Mtoto ana mikono huyo, kaka! Mpeleke soka akawe golikipa.”

Jumamosi, 12 Julai
Sina nyama, sina tambuu, kichwa kinagonga. Timu inapumzika. Nimempigia Yu-wei simu hotelini. Akaniomba nisifanye kitu, chochote kile, na hasa nisimsogelee kocha. Nikaapa sijafanya kitu. Ni kweli. Ile siku nilipomtengenezea kocha breki bila kuombwa ilikuwa mwezi uliopita, na tangu hapo kocha anapanda basi.

Nimekwenda kwa Mzee wa Ardhi, mungu mwenye kihekalu kidogo nyuma ya maegesho ya uwanja. Yeye ni wa mtaa, shida ndogondogo anazielewa. Safari hii nimetaja jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa, anwani, namba ya jezi, tena kwamba acheze, saa ikitembea, si kubeba mtu wala kudaka. Mzee akataka bei nzuri. Nikaahidi kuacha chai ya maziwa. Hapana. Nikatoa karata. Akacheka. Mwishowe nikatoa njama zangu zote, kwa maisha yangu yote yaliyobaki. Vibao vikasema ndiyo kabla sijavuta pumzi.

Jumapili, 13 Julai
Amecheza!

Robo ya nne, na Japan. Akavua taulo, akaingia. Akakosa kikapu. Akapoteza mpira. Akasukumwa, akapewa mitupo miwili. Wa kwanza ukagonga chuma. Wa pili ukaingia. Nimelia, sioni haya kuandika. Nilipofuta macho nikakuta nimeegemea bega la Lai. Alikuwa ameshika pembe ya bango, sauti imemkauka kwa kumwita Yu-wei. Sijui anataka nini kwangu.

Tumefungwa vibaya. Sijali!

Yu-wei amekuja kula nyumbani. Nikamwambia ajue kuna watu wamejinyima kwa ajili yake. Akashangaa. Akasema kocha alishawaambia Jumatatu, kabla ya mchezo wa kwanza, kwamba siku ya mwisho benchi lote litacheza. Yu-wei alimwambia mama yake siku hiyohiyo.

Nikamgeukia Pi-hsia. Akaendelea kumenya pera. “Hukuniuliza. Daktari kasema uache nyama, uache tambuu. Mimi nikisema, husikii. Nikaona tuwaachie miungu.”

Jumatatu, 14 Julai
Sijalala. Nadhiri tatu kwa kitu kilichokuwa kinakuja chenyewe! Na mimi si mtu wa kuvunja ahadi. Nyama, basi. Tambuu, basi. Njama, basi, kuanzia leo.

Ila kuna Mungu wa Mji, ambaye kazi yake ni kuamua mashauri. Nitamweleza kwamba niliahidi huku ukweli umefichwa na mke wangu mwenyewe. Lai atakuwa shahidi, akijua anashuhudia nini au asijue. Hii si njama. Hii ni rufaa.

Kesi haiendi mikono mitupu, kwa hiyo nimeshaandaa nadhiri: nikishinda, naacha uongo kabisa.

Pi-hsia ameuliza naenda wapi asubuhi yote hii. Nimemwambia naenda kununua mboga.