Uwatu wa Pascasie

Jumatatu, 3 Septemba 2018
Mgongo umekwisha. Zege ghorofa nne, winchi mbovu. Nimerudi nyumbani Bellevue nikamkuta Gustave kwenye ngazi, yule fundi cherehani wa chumba cha jirani. Ameniita "petit" tena, yaani mdogo wake. Nimemzidi miaka sita. Lakini yeye ana binti, Sagesse, basi ni Papa Sagesse. Mimi, miaka minne ya ndoa, bado Libère tu.

Pascasie hajaona hedhi tangu Aprili. Daktari wa kliniki alisema homoni zimevurugika na ovari zina vifuko vidogo vingi, ndiyo maana mimba haishiki. Kisha akampa vidonge vya wagonjwa wa sukari. Mke wangu hana sukari! Akamwambia pia apunguze ugali na atembee kwa miguu. Akikonda, Warundi wote kanisani watasema simlishi. Hapana. Dawa nitatafuta mwenyewe.

Jumamosi, 8 Septemba
Nimekwenda mtaa wa Mayfair. Karibu na msikiti kuna Mzanzibari, Bi Zubeda, anauza dawa za mitishamba. Nikamweleza habari ya vifuko. Akanipimia unga wa uwatu. Akasema wanawake wengine wanausifu, ila yeye si daktari, na mke wangu amwambie daktari wake kabla ya kuugusa. Nikaitikia vizuri kabisa.

Sitamwambia mtu. Pascasie aliyakataa hata majani ya mama yangu kutoka kwetu Ngozi. Kwa hiyo kila asubuhi kijiko kimoja kwenye chai yake, na sukari nyingi ya kuficha.

Alhamisi, 13 Septemba
Mambo sharp. Natengeneza chai vikombe viwili, naenda kunawa, narudi, chake kitupu. Anasema chai nzuri. Yangu ndiyo chungu siku hizi. Mabomba ya nyumba hii ni ya zamani sana.

Pascasie anakwenda kazini saluni mjini kwa miguu. Amepungua. Nimemwongezea ugali sahanini, akampa Sagesse.

Alhamisi, 20 Septemba
Eish. Leo msimamizi amesimamisha kazi akauliza nani anapika mchuzi. Wenzangu wakanusana, wakafika kwangu. Kweli, jasho langu linanuka kama duka la viungo. Nimepelekwa juu ya paa, peke yangu, kwenye upepo. Tumbo linanguruma kutwa.

Jioni Gustave akaniuliza, "Petit, siku hizi unalala ndani ya gunia la bizari?" Mkewe Murielle alicheka mpaka akakaa chini. Nimeoga mara mbili. Bure.

Pascasie hanuki kitu. Dawa haijamwingia. Nimeongeza kijiko cha pili.

Jumapili, 30 Septemba
Imekuja. Pascasie ametoka bafuni akilia na kucheka, akakaa kitandani, akanishika mkono. Hedhi, yenyewe. Sijamwona hivyo tangu tuvuke mpaka. Nikashindwa kujizuia, nikamwambia ashukuru uwatu wangu.

Akauachia mkono wangu. Kisha akasema polepole, "Libère, mume wangu, niliunusa siku ya kwanza. Ukienda kunawa, nabadilisha vikombe."

Alikuwa amemuuliza nesi wa kliniki. Nesi akamwambia uwatu nao unaweza kushusha sukari mwilini, asiuchanganye na vidonge bila daktari kujua. Akaniuliza ningefanya nini angeanguka saluni, mkasi mkononi. Akasema anaona vidonge vimemsaidia, na ule mwendo wa kila siku. Mtoto bado ni safari, ila sasa njia inaonekana, na tusimpigie mama yangu simu kwanza. Nikaomba msamaha. Niliona haya kweli.

Jumatatu, 1 Oktoba
Nimefikiri siku nzima juu ya paa. Pascasie hakunywa hata tone. Mimi nimekunywa wiki tatu, na aliyepona ni yeye. Kumbe dawa ndivyo inavyofanya kazi: mume anakunywa, mke anapata nafuu. Bi Zubeda mwenyewe hajui anachouza.

Jumamosi narudi Mayfair kuchukua mfuko mkubwa. Murielle analalamika jino tangu jana. Kesho nitamkaribisha Gustave chai.