Michoro ya Kumwokoa Mjomba

Jumatatu, 9 Juni
Pii, pii, pii. Foklifti ikirudi nyuma. Nimekua na sauti hiyo. Nilipokuwa darasa la kwanza Mjomba alinikalisha juu ya magunia ghalani, nikajifunza kuhesabu kwa kuifuata. Leo nimepita pale saa kumi: kimya. Watu wote mbele ya meneja. Mizigo imepungua, dereva mmoja wa foklifti ataachishwa kazi wiki hii. Madereva ni wawili: Mjomba, na mwenzake anayeijua kompyuta ya ghala. Mjomba kompyuta anaiita “yule mgeni”.

Mkaza mjomba amepika bila kugombana na mtu. Mambo ni mabaya.

Lakini mimi ni nani? Ofisi ya kazi, dawati la takwimu, sekta ya usafirishaji na maghala! Ripoti ya mwezi naiandika mimi, na aliyenisomesha ni Mjomba. Nitamwokoa kwa takwimu.

Jumanne, 10 Juni
Ajira za sekta zimepanda asilimia sita kwa mwaka. Nimechora mchoro wa rangi tatu. Hoja yangu: madereva wanagombewa, ukimwachisha Mjomba hutampata mwingine. Bwana Nukta wa dawati la pili, mpenda desimali, akasema mchoro ni mzuri, ila kila msomaji huusoma kwa njaa yake. Wivu huo.

Jumatano, 11 Juni
Nilivaa viatu vya usaili. Meneja akanisikiliza mpaka mwisho, mchoro kaushika kwa mikono miwili. Akanishukuru. Akasema siku tatu hajalala, akiwaza huyu mzee atakula wapi. Kumbe kazi zimejaa tele huko nje! Moyo wake umetulia. Akasaini barua ya kumwachisha Mjomba mbele yangu. Kwa kalamu yangu!

Mjomba karudi na glovu zake ndani ya mfuko wa plastiki. Mkaza mjomba akauliza ni mwanaharamu gani kamshauri meneja. Nikaenda kuchota maji. Ndoo zote zilikuwa zimejaa.

Alhamisi, 12 Juni
Kosa nimeligundua. Mchoro haukuwa wenyewe! Ukitazama miezi mitatu hii tu, ajira zimeshuka. Nikampelekea meneja mchoro wa pili, wa kumtia huruma. Akasema amenielewa vizuri: kama kazi ni adimu, waliobaki hawataondoka hata akiwaongezea saa za kazi. Akawaongezea. Wapakiaji wakanizomea getini. Mmoja kanisihi, dada yangu, usichore tena, nina watoto.

Nikakiri kila kitu kwa Mjomba. Alicheka mpaka akashika ubavu. Akasema alinifundisha kuhesabu, kunyamaza akasahau. Kisha akauliza kama nimekula. Nimelia chooni.

Ijumaa, 13 Juni
Malori matatu yamekuja kuchukua saruji, na saruji haionekani! Kompyuta inasema iko safu ya saba. Safu ya saba kuna masinki. Kumbe Mjomba anajua kila bati linalovuja. Mvua za kwanza zikianza huhamisha kila kinachoogopa maji, na kuweka masinki chini ya matundu. Miaka ishirini anafanya hivyo, na “yule mgeni” hajawahi kuambiwa.

Meneja kaja nyumbani mwenyewe, jasho linamtiririka. Mjomba alikuwa ananyoa ndevu. Akamkaribisha, akanyoa upande wa kulia, akanyoa wa kushoto, akarudia wa kulia. Mkaza mjomba akampa meneja kile kiti cha miguu mitatu na nusu.

Saa kumi nimesimama barabarani, nje ya ghala. Pii, pii, pii. Nimehesabu mpaka arobaini.

Jioni Mjomba akanishika bega. Asante, mpwa wangu, akasema, na usinisaidie tena. Nikaapa.

Jumamosi, 14 Juni
Nimetafakari sana. Michoro haikuwa na kosa. Ilikuwa michache! Mjomba hastahili foklifti, anastahili usimamizi wa ghala zima. Yeye husema akikalishwa ofisini atakufa kabla ya chai, lakini huo ni unyenyekevu tu. Nimeandaa kurasa kumi na mbili, rangi tano. Bahasha meneja kaipokea saa tatu asubuhi. Nakala nimempelekea mwenye ghala.