Suhaib na Picha ya Vuli

Pemba nzima hajazaliwa msanii mfano wa Suhaib wa Madungu. Maneno yake hayo, si yangu!

Suhaib hapigi picha za maharusi. Thubutu! Yeye hupiga picha dhahania za misimu. Kusi likivuma, hulipiga kwa karibu mno jani la mgomba lililochanika, hata hujui ni jani au kanga kuukuu. Ukiuliza, anakuhurumia. "Hiki ni kipupwe, ndugu yangu. Hakisomwi na kila mtu."

Basi akamposa Ruweida wa Mgogoni. Mama mtu, Bi Mwanawema, hakutoa jibu. Siku moja akamwita Suhaib nyumbani kwake, akamwambia, "Baba, mie nakwenda hitimani. Nitazamie karafuu zangu hapo jamvini. Ukiona wingu tu, anua!"

Huo ndio mtihani wenyewe! Pemba hata mbuzi anajua kuwa karafuu zilizoanikwa zikirowa, zimekwisha.

Wingu likaja. Matone ya kwanza ya vuli yakaangukia karafuu, na Suhaib akaona usanii! Akalala kifudifudi, simu puani. "Ya Rabi, rangi hizo!" Picha mia mbili. Alipokumbuka kuanua, karafuu zilikuwa zinaelea.

Bi Mwanawema aliporudi, alimkuta na uso wa msiba. "Nlikwenda msikitini, mama. Kurudi, ishanyesha."

Nani atamlaumu mtu kwa swala? Mama wa watu akainama kuzizoa. Mimi nilimwonea huruma, maana jasho la msimu mzima lile.

Mwezi uliofuata Suhaib akafanya maonyesho Chake Chake, akamwalika mkwe mtarajiwa ajionee anapata mwanamume gani. Picha kubwa kuliko zote, upana wa mlango, iliitwa "Vuli". Mmoja akasema ni ramani. Mwingine akasema ni upele.

Suhaib akacheka kwa madaha. "Msijichoshe. Jicho la kuisoma hii bado halijazaliwa."

Bi Mwanawema akavaa miwani, akasogea.

"Jamvi langu hili! Ukili huu mwekundu nliutia mie, kwa nkono wangu. Na karafuu zangu hizi. Huku zisharowa, huku kavu bado." Akageuka. "Kumbe mvua inaanza, weye upo! Msikiti gani huo, baba, watu wasujudu na simu?"

Suhaib jasho linamtoka.

"Na… jibu la posa, mama?"

"Limo humo humo kwenye picha," akasema Bi Mwanawema, akichukua mkoba wake. "Lisome."