Siku Ajali Zilipokwisha Kathmandu

Siku ya kumi na tisa ya amri ya kukaa ndani, Idara ya Mwenendo Mwema Barabarani iliwatangazia wakazi wote wa bonde la Kathmandu kwamba ajali zimekwisha. Tangazo lilitiwa saini na Mkurugenzi Ghanashyam Rijal mwenyewe, likagongwa mihuri mitatu, likaeleza kwamba mafanikio hayo yametokana na uongozi makini, ufuatiliaji wa karibu na semina ya siku mbili iliyofanyika majira ya baridi. Ugonjwa ulitajwa mara moja tu, ukurasa wa nne, kwenye orodha ya changamoto.

Koplo Dhanmaya Rai alilisoma akiwa amesimama mlangoni mwa darasa lake. Ndani mlikuwa na viti sitini vya plastiki na hamkuwa na mtu hata mmoja.

Hapa mjini mkosaji wa barabarani hapigwi faini tu akaachwa aende zake. Anasomeshwa. Dereva aliyepiga honi mbele ya hospitali, kijana aliyepakia watu wanne na mbuzi kwenye pikipiki, mama aliyevuka pasipo na alama, wote hukalishwa saa tatu nzima, wakafundishwa, wakafanya mtihani, ndipo wakarudishiwa leseni. Asiye na leseni hurudishiwa mwavuli wake. Dhanmaya alikuwa amelifundisha darasa hilo miaka tisa, na alijua kumnyamazisha dereva wa teksi kwa jicho moja. Wiki mbili za mwanzo za amri bado walipatikana wakaidi wawili watatu, waliotoka kwenda kuhakikisha kama kweli barabara ni tupu. Kisha nao wakachoka.

Mkurugenzi hakuchoka. Vumbi lilipotulia na watu wakaanza kupanda juu ya mapaa kuitazama milima ya Langtang, nyeupe mpaka inaumiza macho, aliiingiza kwenye ripoti yake: "Milima: imeonekana. Mhusika: Idara." Petroli ambayo watu hawakuinunua aliiandika kuwa ni akiba aliyoiletea nchi. Na kila asubuhi, akiwa na kibali cha pekee, alitoka na gari la Idara kukagua utupu wa barabara.

"Dada, kaa kwanza," alisema Tirtha Shakya, karani wa takwimu, mtu mpole aliyevaa barakoa mbili. "Kuna kifungu."

"Kifungu gani tena, kaka?"

"Cha kumi na moja. Darasa likimaliza siku saba bila mwanafunzi, linafungwa. Bosi amefurahi kweli. Anasema ni ushahidi kwamba wananchi wamenyooka."

"Na mimi?"

Tirtha alivuta barakoa ya juu, kisha ya chini. "Darchula."

"Darchula! Si ndiyo mwisho wa nchi huko?"

"Mbele kidogo kuna mto, halafu India."

"Leo siku ya ngapi?"

"Ya sita."

Dhanmaya alikaa. Mumewe alikuwa Qatar, na ndege hazikuruka. Binti yake, Binsa, alikuwa na miaka mitano na alishinda kwa mama mwenye nyumba, ambaye tayari alianza kuguna. Mtoto huwezi kumpeleka mpakani wakati mabasi yote yamelala, wala huwezi kumwachia mtu anayeguna. Aliogopa kweli, kuliko alivyouogopa ugonjwa wenyewe. Alihitaji mkosaji mmoja.

Kesho yake, saa moja asubuhi, alikuwa amesimama kwenye njia panda kubwa na filimbi mdomoni, juu ya barakoa. Tirtha alikuja na kalamu na fomu, kwa sababu kosa bila fomu halijatendeka.

Saa mbili hakupita mtu. Saa tatu alikuja ng'ombe, akatembea mpaka katikati ya njia panda, akalala.

"Mwandike huyo," alisema Tirtha. "Amezuia magari."

"Magari yapi? Halafu mnyama mtakatifu umpe kiti cha plastiki, wewe unataka tufukuzwe mjini?"

Saa tatu na nusu mzee mmoja aliyebeba kabichi alifika ukingoni mwa barabara. Dhanmaya alimkodolea macho kwa matumaini. Mzee alitazama kulia, akatazama kushoto, akatazama kulia tena, akavuka juu ya alama.

"Mzee, ungepita hapo pembeni ni karibu zaidi," Dhanmaya alimwita kwa upole.

"Umenifundisha mwenyewe, binti yangu," alisema mzee. "Mara mbili. Siwezi kurudia kosa."

Dhanmaya alitamani kulia. Hapo ndipo waliposikia gari.

Lilikuwa gari la Idara, nalo lilikuja kwa mwendo ambao mji huu haujawahi kuuona, kwa kuwa haujawahi kuwa na nafasi ya kuuonea. Mkurugenzi mwenyewe ndiye aliyeendesha. Mkono mmoja ulikuwa kwenye usukani, mwingine umeshika simu, na mkanda ulining'inia begani pake bila kazi. "Sifuri kabisa, Mheshimiwa!" alisikika akipaza sauti. "Sifuri mfululizo!" Kisha akamwona ng'ombe.

Ng'ombe hakuguswa. Gari liliserereka, likapanda ukingo, likajikita kwenye bustani ya kando ya barabara, taa moja ndani ya maua. Mkurugenzi alishuka mzima, ila rangi ya uso ilikuwa imemwishia.

"Hamjaona kitu," alisema.

"Tumeona, afande," alisema Dhanmaya.

"Koplo, nisikilize. Saa sita mchana ripoti inafika kwa Waziri. Imeandikwa sifuri. Nimeshamwambia sifuri kwa mdomo wangu."

"Basi tuandike moja, afande. Ripoti si bado haijaenda?"

"Moja!" Alilitamka kama tusi. "Unajua moja itanifanya nini mimi?"

Dhanmaya alijua. Alimtazama Tirtha, na Tirtha, Mungu ambariki, akaitazama milima.

"Afande, labda hii si ajali," alisema Dhanmaya polepole. "Ajali inakwenda kwenye ripoti. Lakini mwendo kasi, simu na kutofunga mkanda ni makosa tu. Makosa hayaendi kwa Waziri. Yanaishia darasani."

Mkurugenzi alilitazama gari lake, akamtazama na ng'ombe, ambaye hata hakuinuka.

"Darasa lenyewe ni la muda gani?" aliuliza.

Saa nne kamili alikaa kiti cha mstari wa kwanza, peke yake kati ya viti sitini, umbali kati ya mtu na mtu ukizingatiwa ipasavyo. Alijaribu kueleza kwamba semina ya majira ya baridi aliiandaa yeye. Dhanmaya alimpiga jicho la madereva wa teksi, akanyamaza, akafungua daftari.

Mtihani ulikuwa wa maswali kumi na mawili. Mkurugenzi alipata manne. Dhanmaya aliyahesabu tena kwa haki, yakawa manne vilevile.

"Anayefeli anarudi kesho, afande. Ndivyo utaratibu unavyosema."

"Nani aliyeuweka huo utaratibu?"

"Ofisi yako."

Alirudi kesho yake, na keshokutwa. Kwa Waziri ilipelekwa sifuri, na pembeni yake taarifa ya darasa: mahudhurio mazuri, mahitaji bado makubwa, lisifungwe kwa sasa. Waziri alikubali. Jioni ile Dhanmaya alimbeba Binsa mgongoni mpaka juu ya paa, wakaila mihogo ya kuchemsha huku wakiihesabu milima, na hakuna aliyewagunia.

Wiki ya tano Mkurugenzi alikuwa amefika maswali kumi na moja. Alipapasa kutafuta mkanda hata akikaa kwenye kiti cha plastiki, kwa mazoea. Swali moja tu ndilo lililomshinda, nalo lilikuwa la saba: "Watumiaji kadhaa wa barabara wakifika njia panda kwa pamoja, nani anapita kwanza?"

Dhanmaya alimweleza kwa mdomo, akamchorea ubaoni, akamsimamisha Tirtha awe lori na yeye akawa mama mwenye mtoto. Mkurugenzi aliitikia kwa kichwa muda wote, akasema sasa ameelewa barabara, akainama kwenye karatasi akaandika kwa mwandiko safi, kama siku zote: "Mimi."